Kabati la Kobe

Mume wangu anaitwa Bilamsumari, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, walipoona kwamba kabati lake huwezi kulikuta na kichwa cha msumari popote. Ulimi wa ubao unaingia kwenye tundu lake, unakaa, basi. Ukijaribu kuchomeka ukucha kwenye kiungo chake, ukucha unarudi. Mimi ndiye ninayempigia msasa na vanishi, kwa hiyo kazi yake naijua kwa vidole, na ninaposema seremala kama yeye hayupo, sisemi kwa sababu ya ndoa. Ndoa yenyewe ina mengine ya kusema.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba mteja anataka kuona picha ya kabati kabla ubao haujakatwa, anaona umemtukana. "Picha ya nini? Si aje aone makabati yenyewe?" Lakini wateja wa siku hizi ndivyo walivyo. Ng'ambo ya barabara kuu kuna karakana yenye mashine nyingi na kioo kikubwa cha kompyuta ukutani. Mteja anakalishwa kwenye kiti laini, anaonyeshwa jiko lake likizunguka mbele ya macho yake, anatoka ameshakubali kila kitu. Sisi tulikuwa na penseli na karatasi ya kaki. Wateja waliitazama ile karatasi, wakaisifu kwa adabu, na hatukuwaona tena.

Binti yetu ndiye aliyeleta kompyuta. Ofisi moja ilikuwa ikiondoa vifaa vyake vya zamani, naye akaomba kimoja: kompyuta ya mezani, boksi jembamba, ya bei ya chini tangu siku ilipotoka kiwandani, ya kuandikia barua na si zaidi. Akajifundisha mwenyewe kuchora vyumba humo ndani. Alichora rafu za baba yake droo kwa droo, mpaka mistari ya mbao ikaonekana. Picha ikiwa imesimama, ilipendeza kweli. Balaa lilikuwa kuigeuza. Ukitaka kuliona kabati ubavuni, picha inaganda, inarukaruka, inakuja vipande vipande, mpaka mteja anaanza kutazama viatu vyake. Mume wangu akaibatiza ile mashine jina: Kobe.

"Kobe huyu hata akifika, sherehe imeshakwisha," alisema.

"Baba, shida si kompyuta yote," binti akamjibu. "Haina kadi yake ya picha. Inachora kwa kuiba nguvu za kazi nyingine."

"Kumbe ni mwizi tena! Mtoe nje."

Hapo ndipo alipokuja mfamasia. Alikuwa akifungua duka jipya la dawa, na alitaka kaunta, rafu za ukuta mzima, na makabati, moja likiwa la kuficha friji la dawa. Kazi kubwa namna hiyo hatukuwa tumeiona kwa muda mrefu. Alisema wazi kwamba ataangalia michoro ya karakana mbili, yetu na ile ya ng'ambo, kisha ataamua. Na siku hizohizo kaka yangu alikuwa amempatia binti nafasi ya kupokea wageni katika hoteli ya rafiki yake, mji wa mbali, na alikuwa akidai jibu kila anapopiga simu.

Mume wangu hajui kusema jambo kwa ulaini. Alimwita binti mbele yangu, akamwambia: "Siku mfamasia atakapokuja, akiliona duka lake humo ndani bila Kobe kukwama, utabaki hapa karakana na michoro yote itakuwa yako. Kobe akikwama, siku hiyohiyo nampigia mjomba wako simu. Sitaki uzeeke hapa ukiisukuma mashine mbovu."

  Nilijua hakuna kitu binti alichokitaka zaidi duniani kuliko kufanya kazi kwenye benchi lile, kando ya baba yake, na nilijua pia kwamba baba yake akishasema neno harudi nyuma.

Nilikwenda naye sokoni kwa fundi kompyuta. Yule bwana akatutolea kadi kubwa yenye feni tatu, nzito kama tofali, akaisifia kama anayeuza ng'ombe wa maziwa. Binti akaisikiliza sifa yote mpaka mwisho, halafu akatoa futi ya baba yake mfukoni.

"Hii haiingii," alisema. "Boksi langu ni jembamba, nataka kadi fupi. Tena nataka isiyodai waya wake wa umeme, iwe inakula umeme wa palepale inapochomekwa. Kisanduku changu cha umeme ni kidogo. Nikikibebesha hii, kitazima."

Fundi akacheka. "Dada, ungesema mapema, ungeniokolea pumzi." Akapekua droo, akaibuka na kadi ndogo ya mtumba yenye feni moja. Akaijaribu mbele yetu kwenye mashine yake, ikafanya kazi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikapu changu, shingo imeniwia ndefu kwa majivuno, natafuta mtu wa kumwambia kwamba huyo ni wangu.

Nyumbani nikamwambia mume wangu jinsi binti alivyopima kabla ya kununua.

"Alipima kwa futi yangu?"

"Yako."

"Ameirudisha mahali pake?"

"Ameirudisha."

Akaendelea kupiga randa. Mgeni angesema mzee huyu hajali. Mimi niliona amepiga randa ubao ambao ulishakuwa laini.

Asubuhi iliyofuata Kobe alilazwa ubavu juu ya benchi, akafunguliwa. Binti alimfuta vumbi kwa brashi ndogo, akagusa bati la boksi kwa vidole, ndipo akaishika kadi. Mume wangu, ambaye alikuwa ameinama pale kama daktari wa pili, akauliza sababu ya kugusa bati.

"Mwili una umeme kidogo, Baba. Unaweza kuiua kadi kabla haijafanya kazi."

Mume wangu akatia mikono mifukoni, na hakuitoa mpaka kadi ilipokaa.

Kadi ilikuja imefungwa kipande cha bati kirefu, na kingine kifupi pembeni. Binti akakifungua kwa bisibisi, akafunga kile kifupi kinachofaa boksi jembamba. Kisha akaisimamisha kadi juu ya tundu lake na kuibonyeza taratibu kwa vidole gumba viwili, mpaka ikalia *ka!* ikakaa. Mume wangu akainama zaidi. Akayatazama yale meno ya rangi ya dhahabu yalivyozama sawasawa, bila kuachia hata unywele.

"Ulimi na tundu," alisema polepole.

"Na bila msumari, Baba."

Wakacheka pamoja. Nilikuwa sijawasikia wakicheka hivyo tangu ile habari ya hoteli iingie nyumbani.

Kicheko hakikudumu. Walipowasha, feni ilizunguka, lakini kioo kilibaki cheusi tii.

"Nilisema mimi," mume wangu akaanza. "Nilisema tangu..."

Binti alikuwa ameshachungulia nyuma. "Nani amechomeka waya wa kioo?"

"Mimi. Nimeurudisha palepale ulipokuwa."

Angeurudisha wapi kwingine? Mtu anayepanga patasi zake kwa ukubwa, na kuzisalimia kila asubuhi! Binti akajizuia kucheka.

"Makao yake yamehama, Baba. Sasa unachomekwa kwenye kadi."

Akauhamisha, na kioo kikawaka. Akaiwekea kadi programu yake, akafungua mchoro wa duka la dawa, akaugeuza. Duka likazunguka lote, kaunta ikapita, rafu zikafuata, mlango ukaja na kwenda, na hakuna kilichoruka wala kuganda. Akaligeuza tena upande wa pili, haraka zaidi, kwa makusudi ya kumtesa Kobe. Kobe akaenda tu.

 Mume wangu alitoka nje kwenye banda la mbao, nikamsikia akizigongagonga moja moja kwa kidole, kama afanyavyo anapochagua. Hapo nikajua kwamba amefurahi sana.

Wiki ile yote alitengeneza kabati la Kobe. Alitumia ubao mweusi mgumu aliokuwa ameuficha kwa miaka akisema ni wa kitu cha maana. "Vumbi la mbao ni adui wa mashine, si ulisema mwenyewe?" alimwambia binti. Ni kweli alisema. Kabati likapata mlango wa bawaba za shaba, kufuli ndogo, na kitundu cha kupitishia nyaya kilichobana nyaya zenyewe kwa mpira. Viungo vyake vilikuwa vimekamatana kiasi kwamba ukifunga mlango, hewa ya ndani inatoka kwa pumzi moja, *pfu*. Alikuwa akiufunga na kuufungua ili aisikie ile *pfu*. Mimi nililipiga vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Nikamuuliza mbona mimi, mkewe, sijawahi kutengenezewa kabati kama hilo.

"Wewe huogopi vumbi," alinijibu.

Binti alipoonyeshwa alilipapasa kabati upande mmoja hadi mwingine. "Asante, Baba," alisema, na machozi yakamlengalenga. 

Toka siku hiyo ukaanza mchezo ambao sikuuelewa. Binti akifanya kazi anaacha mlango wa kabati wazi. Baba yake akipita anaufunga. Binti anaufungua tena. Baba anarudi, anaufunga. "Mlango ukiachwa wazi, watu watadhani bawaba mbovu," ananung'unika. Nikamshika binti tulipokuwa tukianua nguo, nikamuuliza kulikoni.

"Mama, ile kadi inatoa joto kuliko zamani. Kobe anataka hewa, na kabati halina pa kupitishia. Nitamwambiaje Baba? Ni zawadi yake."

"Utamwambia kwa mdomo."

"Nitamwambia mfamasia akishaondoka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamwonya. Akacheka tu, akachukua beseni la nguo.

Mfamasia alifika siku aliyosema, mwanamke mfupi, mwepesi, miwani juu ya kichwa, maswali mafupi. Mume wangu alikuwa amefagia karakana mpaka pembeni kabisa na kuvaa aproni safi. Na kwa heshima ya mgeni, kabla ya kumvutia kiti, alifunga mlango wa kabati, akatia kufuli, akaweka ufunguo mfukoni. Binti aliona. Akafungua mdomo, lakini mgeni alikuwa ameshakaa na anasubiri, akaufumba.

Ilianza vizuri. "Karibu dukani kwako," binti alisema, na picha ikaingia mlangoni. Mfamasia akashusha miwani machoni. Akaomba alione duka kutoka pale watakapokaa wagonjwa, akaonyeshwa. Akaomba alione kutoka nyuma ya kaunta. "Hapa nitasimama mimi," alisema, akatabasamu kama mtu aliyejikuta mwenyewe kwenye picha. Akaomba rafu zifunguliwe, taa ziwashwe, taa zizimwe. Mume wangu alisimama nyuma yao amekunja mikono, kidevu juu.

Kisha ndani ya kabati feni ikaanza kunguruma, sauti ikipanda kama birika linalokaribia kuchemka. Picha ikaruka. Ikaganda. Ikaruka tena, na kioo kikawa cheusi.

Mume wangu akatazama taa ya juu. Ilikuwa inawaka; umeme haukuwa umekatika. 

"Ndio mwisho?" mfamasia akauliza, bila ubaya, huku mkono ukienda kwenye mkoba.

 Moyoni nilishamwona binti yangu hotelini, nyuma ya meza ndefu, akiwaambia watu asiowajua, "Karibuni." Lakini binti alisimama. 

"Baba, naomba radhi. Si kadi, wala si kompyuta. Ni kabati."

"Kabati langu lina nini?"

"Halina kasoro hata moja, na hiyo ndiyo shida yake. Hewa haina pa kupita. Mashine inajipika humo ndani, na ikizidi moto inajizima isiungue. Nilipaswa kukwambia siku ile uliponipa. Niliona haya."

Jamani, mnajua alichoambiwa mzee wa watu? Ndani ya ule ubao mweusi alikuwa amesema yote ambayo mdomo wake hauyawezi, na sasa anaambiwa mbele ya mteja kwamba kabati limekosewa. Na huyu ni mtu aliyewahi kumfukuza mteja kwa kuegemea kabati lenye vanishi mbichi. Nilijiandaa kwa mvua ya mawe.

Akatoa ufunguo, akafungua. Joto likampiga usoni kama amefunua sufuria. Akatia kiganja ndani, akakituliza pale kwa muda, akakitoa. Kisha akamtoa Kobe, akamweka kando na kumfunika kitambaa, akaenda ukutani akaitungua keekee, akaifunga jino la kukata duara, akaligeuza kabati likatupa mgongo.

"Wapi?" alimuuliza binti.

"Chini hapa, hewa ya baridi iingie. Na juu kule, ya moto itoke."

"Weka alama."

Tangu niolewe naye, sijawahi kuona mkono wa mtu mwingine ukiweka alama kwenye ubao wa mume wangu. Waliojaribu walionyeshwa mlango. Binti akachukua penseli, akachora maduara chini, akachora mengine juu. Baba yake hakutoa futi. Hakupima upya. Aliweka jino la keekee juu ya alama ya mwanawe, akakata. Kila tundu lilipotoboka lilipita kwenye vanishi yangu, na nikakubali nayo ipotee. Unga wa mbao ulimwagika juu ya viatu vyake safi, na vipande vya duara vikaanguka sakafuni kimoja kimoja.

Mfamasia alikuwa ameuacha mkoba. Alikuja akasimama karibu yao, akatazama matundu, kisha akakunja uso.

"Hebu subiri. Na friji langu la dawa? Mimi niliomba lifichwe kabatini."

"Nimeliachia upenyo nyuma na chini," binti akasema. "Halitapika dawa zako."

"Wale wenzenu wa ng'ambo wamenichorea kabati zuri, limefungwa pande zote. Wala sikuwaza."

Mume wangu akazima keekee. "Ule upenyo kwenye mchoro niliuona," alisema, taratibu, kama mtu anayejitoa mwiba. "Nikadhani binti amekosea kupima. Nilikuwa nimepanga kuuziba kimyakimya."

Mfamasia akamtazama, akacheka mpaka miwani ikateleza. Binti naye akacheka, na hata mimi.

Kobe akapumzishwa, akarudishwa ndani ya kabati lake, akawashwa, mlango umefungwa. Mfamasia akaomba afundishwe kugeuza mwenyewe. Akalizungusha duka lake atakavyo, akaingia na kutoka, akahamisha kaunta akairudisha, na tulikaa wote tukisikiliza feni. Ilikuwa ikivuma taratibu, hewa ikitoka vuguvugu nyuma. Picha haikuruka tena.

"Mbao mnaanza kukata lini?" aliuliza mwishowe, na kazi ikawa yetu.

Alipoondoka tu, mume wangu akatoa simu. Binti akasimama kama aliyepigiliwa pale. Sote tulikumbuka neno alilolitoa. Kobe alikuwa amekwama, hilo hakuna awezaye kulikana, na Bilamsumari neno lake harudishi.

"Shemeji," alisema, "nilimwambia binti yangu kwamba Kobe akikwama, nitakupigia simu siku hiyohiyo. Amekwama. Kwa hiyo nakupigia."

Binti akainamisha kichwa. Nikasogea, wallahi, nilikuwa naenda kumpokonya ile simu.

"Nakupigia kukwambia ile nafasi wampe mtu mwingine," akaendelea. "Hapana, hajakataa yeye. Nimekataa mimi. Leo ameniambia kosa la kazi yangu mbele ya mteja, na lilikuwa kosa kweli. Mtu wa hivyo nimemtafuta tangu nifungue karakana hii, shemeji. Sasa nimpeleke hotelini akagawe funguo?"

Nilijivuna siku ile, sioni aibu kusema. Nilijivunia binti, nikamjivunia na mzee wake, kila mmoja kwa fungu lake. Binti yangu akapanda akakaa juu ya benchi la kazi, ambalo hakuna anayeruhusiwa kulikalia, akalia kwa furaha, na baba yake hakumwambia ashuke.